Radi Nne, Watu Watatu

Nimesikia kwamba mna bendi. Nimesikia kwa masikio yangu, maana chumba mnachofanyia mazoezi kiko nyuma ya nyumba yangu hapa Maretadu, na sikio langu la kulia bado linafanya kazi. La kushoto lilikaa miaka ishirini na mitatu karibu na ngoma za Gidamis, kwa hiyo lilistaafu kabla yangu.

Juzi mmoja wenu alikuja, akanipa shikamoo vizuri, akaniuliza, "Bibi, ninyi mlitoboaje?" Nikamwambia hatukutoboa. Akacheka, akidhani namtania. Simtanii. Kwa miaka ishirini na mitatu Radi Nne haikutoboa hata karatasi. Tulipiga muziki wa roki, magitaa ya umeme na ngoma, nyimbo tulizotunga wenyewe kwa Kiswahili, katika wilaya za Mbulu na Hanang, mbele ya watu waliokuwa wamekuja kununua mbuzi. Kama mnataka kujua namna ya kutoboa, muulizeni mtu mwingine. Mimi najua namna ya kupiga besi, namna ya kupasha ngoma iliyolegea, na namna ya kumkosea mpiga ngoma. Hayo nitawaeleza.

Tulikuwa watatu. Boay, wa hapa hapa Maretadu, mtoto wa wakulima wa mahindi na maharage, alipiga gitaa na kuimba. Gidamis, wa ukoo wa wafugaji kule Dirma, alipiga ngoma. Mimi, Paskalina, fundi cherehani, nilipiga besi. Wa nne alikuwa Emanueli, mpiga kinanda, ambaye alipata nafasi ya chuo cha ualimu wiki moja kabla ya onyesho letu la kwanza. Jina la bendi lilikuwa limeshaandikwa kwenye ngoma kubwa, na rangi ilikuwa imekwisha. Tukaliacha. Kila tulipokwenda mtu alihesabu, kisha akauliza yule wa nne yuko wapi, na Boay alijibu, "Anakuja." Emanueli sasa ni mwalimu mkuu. Hakuja.

Mimi nilijiunga kwa sababu nilikuwa na betri ya gari. Wakati ule umeme wa nguzo ulikuwa haujafika kwetu, na betri yangu ilikuwa ya kuwashia taa ya chumba cha kushonea. Boay alikuja kuiazima, akairudisha imekufa. Akaja tena. Mara ya tatu nikasema betri haitoki bila mimi. Akasema basi, kuna gitaa la besi ambalo halina mtu. Gitaa hilo lilitengenezwa na seremala wa Dongobesh. Lilikuwa na uzito wa mlango kwa sababu lilikuwa limetokana na mlango. Tundu la kitasa lilibaki pale pale, karibu na kiwiko changu. Nyuzi zilikuwa waya za breki ya baiskeli. Waya za breki zina sauti nzuri sana ya besi, lakini zinakula vidole. Kama mnaanza leo, pakeni vidole mafuta ya ng'ombe kila jioni, na msishone nguo nyeupe mwezi wa kwanza.

Na hiyo roki tuliitoa wapi? Boay aliwahi kufanya kibarua kwenye mashamba makubwa ya ngano kule Hanang. Palikuwa na Mzungu mmoja, fundi wa matrekta. Alipoondoka kurudi kwao alimwachia Boay mfuko wa kaseti. Nyingi zilikuwa za magitaa yanayonguruma. Mbili zilikuwa za mafunzo ya kufungua injini. Boay hakujua Kiingereza, akazisikiliza zote kwa heshima sawa. Ndiyo maana wimbo wetu wa pili una sehemu ndefu ya kuzungumza katikati.

Gidamis yeye hakuwahi kusikia kaseti yoyote. Alikuwa mlinzi wa ghala la mazao hapa Maretadu, na mchana alikaa mlangoni akipiga debe kwa viganja. Boay alipita na baiskeli, akasimama, akakaa pale mpaka maharage aliyobeba yakanyeshewa. Gidamis alijitengenezea ngoma kutokana na mapipa, akawamba ngozi ya ndama mwenyewe. Nawaambia jambo moja kuhusu ngozi, maana ninyi mnatumia plastiki na hamjui shida. Ukungu wa Mbulu unailegeza. Asubuhi ngoma inasema "pu", kama godoro. Lazima uipashe moto karibu na jiko la mkaa, mbali kidogo, na usiondoke. Mimi niliondoka mara moja kwenda kumpimia mteja gauni. Niliporudi tulikuwa na ngoma moja pungufu na chumba kilinukia nyama choma.

Gidamis hakugomba. Alitazama lile pipa, akasema, "Dada, sasa kuna ngoma ya upepo."

Kutyuni ndiyo habari ndefu. Baada ya betri tulipata jenereta kuukuu, na jenereta ile ilikuwa na sauti moja tu, ambayo ilipenya kwenye spika hata ufanye nini. Tuliifukia kwenye shimo. Tuliifunika magunia. Ilinguruma. Mwishowe Boay akasema, "Kama haiwezi kutufuata, tuifuate." Tukatyuni nyuzi zote kwa sauti ya jenereta. Kuanzia siku hiyo ule mngurumo ukawa kama mtu wa nne, na Boay akaacha kusema anakuja. Petroli ilipokaribia kwisha, jenereta ilikuwa inapanda na kushuka, uuu-aaa, uuu-aaa. Boay alitunga wimbo maalumu kwa hali hiyo. Ulikuwa wimbo wetu wa kufungia, na ulikwisha wenyewe.

Kosa letu kubwa la kwanza mbele za watu tulilifanya mnadani Dirma. Tulipewa nafasi karibu na zizi la ng'ombe wa kuuzwa, saa nne asubuhi. Mimi ndiye niliyepanga spika. Nilizielekeza upande wenye wasikilizaji wengi. Wasikilizaji wale walikuwa ng'ombe.

Boay alipiga mkwaruzo wa kwanza, na zizi zima likasimama kama mtu mmoja. Mkwaruzo wa pili, boma la miiba likafunguka upande wa kusini. Wazee wakapiga kelele. Boay akafumba macho na kuendelea, akidhani wanashangilia. Gidamis akaweka vijiti chini, akaruka, akakimbia mbele ya lile kundi akiita kwa sauti nyembamba, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akaita na kuita, na wale ng'ombe wakapunguza mwendo, wakamzunguka. Akawarudisha mpaka ndani akitembea polepole. Kisha akarudi kukaa, akachukua vijiti, akaingia kwenye wimbo pale pale ulipokuwa. Hakukosea hata pigo.

Baadaye mzee mmoja mwenye fimbo ndefu alikuja kwetu. Tukampa shikamoo wote watatu kwa mpigo.

"Marahaba," akasema. "Nani mkubwa wenu?"

Boay akanionyesha mimi.

"Binti," yule mzee akaniambia, "ng'ombe wamekataa."

"Tumeona, mzee."

"Huyu kijana wa ngoma ni wa nani?" Gidamis akataja baba yake na babu yake. Mzee akatikisa kichwa muda mrefu. "Huyu msimpoteze," akasema. "Ninyi wawili sijui."

Sikilizeni hapo vijana. Mtu ambaye hakupenda muziki wetu hata kidogo alituambia jambo moja la kweli, na sisi tulilichukulia kama maneno ya mzee aliyekasirikia boma.

Miaka kama minne baadaye bwana mmoja mwenye studio Arusha alipita Katesh siku ya mnada, kutafuta mbuzi wa harusi. Akatusikia. Alisimama nyimbo tatu nzima, jambo ambalo lilitutia wasiwasi, tukajua anadai kitu. Akachukua anwani. Baada ya wiki mbili dereva wa basi akaniletea barua chumbani kwangu.

Barua ilisema hivi, kwa kifupi: Mwimbaji na mwenye besi njooni mrekodi. Mpiga ngoma mwacheni, maana mara anawahi, mara anachelewa. Hapa nina mashine ya ngoma.

Nilimsomea Boay. Akasema nisome tena. Nikasoma tena.

"Labda tukirekodi," Boay akasema, "ndipo tunamwingiza na yeye."

"Labda," nikasema.

Hatukuamini hata mmoja. Lakini sote wawili tulikuwa tumechoka kupigia mbuzi. Tukakubaliana tumweleze Gidamis kesho yake. Kesho ikafika, akaja na ngozi mpya begani, amefurahi, anatuonyesha jinsi ilivyo laini. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Gidamis, mimi na Boay tunakwenda Arusha kutafuta vitambaa na nyuzi za gitaa."

"Vizuri," akasema. "Mniletee vijiti. Vya dukani. Sijawahi kushika vya dukani."

Studio ilikuwa chumba chenye magodoro ukutani. Fundi mitambo alikuwa kijana mpole mwenye kofia. Aliwasha mashine, ikapiga ngoma safi kabisa, kila pigo limesimama kama askari. Tukaanza. Akatusimamisha.

"Samahani, mama. Mmetyuni kwa kitu gani?"

"Kwa jenereta," nikasema.

Akavua kofia. Akamwita mwenzake. Nikarudia jibu. Wakatusaidia kutyuni upya, na kwa mara ya kwanza tulisikia nyimbo zetu zikiwa sahihi. Zilikuwa kama ndugu yako aliyevaa suti ya kuazima. Boay aliimba vizuri. Lakini kulikuwa na mahali katika kila wimbo ambapo alikuwa na kawaida ya kuvuta pumzi, na Gidamis alikuwa akimngoja, kidogo tu, kama mtu anayekushikia mlango. Mashine haikungoja. Boay alifika kila mahali amechelewa, akihema. Tulirekodi nyimbo nne mpaka alasiri. Jioni nikanunua vitambaa, ili nisiwe mwongo kabisa. Nikanunua na vijiti.

Niliporudi nilimpa Gidamis vile vijiti kwa mkono wangu. Akavipima, akavigonganisha. "Vyepesi," akasema. "Asante dada. Hamkunisahau."

Nimeshona magauni ya maharusi na sanda, nimeona mengi, lakini sijui kama nimewahi kusimama mbele ya mtu nikiwa mdogo kama siku ile.

Hakuchukua muda kujua. Siku ya mnada Katesh nilikuwa nimetandaza vitambaa, na jirani yangu alikuwa muuza kaseti mwenye redio kubwa. Gidamis alikuja na mbuzi wawili wa shangazi yake. Redio ikapiga wimbo wetu wa Arusha. Akasimama. Sikuweza kukimbia, nilikuwa na mzigo. Alisikiliza upande wa kwanza wote, mbuzi wakimvuta kamba. Ulipokwisha, akamwomba muuzaji ageuze. Akasikiliza na upande wa pili. Kisha akaja kwangu.

"Dada, huyu anayepiga ngoma ni nani?"

"Ni mashine, Gidamis."

"Hachoki."

"Hachoki."

"Boay anavuta pumzi, na yeye anaendelea."

Akachomoa vile vijiti kiunoni, akaviweka juu ya vitambaa vyangu, vimelala sambamba, kama mtu anavyorudisha kijiko baada ya kula.

"Mpeni yeye," akasema. Akaondoka na mbuzi wake. Wiki ile ile aliacha kazi ya ghala, akarudi Dirma kuchunga.

Mtauliza kaseti ilifika wapi. Ilifika kwa yule muuzaji wa Katesh, na nadhani haikupita hapo. Wakati huohuo bwana wa studio aliacha muziki, akaingia kwenye matofali. Mimi na Boay tulinunua mashine ndogo ya ngoma tukaendelea wawili. Tulifanya maonyesho matano. Hilo la tano lilikuwa Dongobesh, kwenye sherehe ya shule, mchana kweupe. Boay alibonyeza kitufe, mashine ikapiga wimbo mwingine. Akabonyeza tena, ikaongeza kasi. Akaacha kuimba, akawaomba watu radhi. Mashine ikaendelea. Tukajaribu kuizima, ikakataa kwa sababu kitufe kilikuwa kimezama ndani. Mkuu wa shule akasimama kutoa hotuba juu ya nidhamu, nyuma yake mashine inapiga. Tukafungasha vyombo, tukatoka getini, na ilikuwa bado inapiga ndani ya begi langu. Ilinyamaza tulipofika njia panda. Boay akasema, "Sasa imechoka." Akapanda baiskeli yake. Baada ya hapo hakuja tena mazoezini. Akapanda maharage, kama baba yake.

Karibu miaka miwili ikapita. Nilitumia ile ngoma kubwa kama meza ya kuwekea vitambaa, maandishi yakiwa yametazama ukuta. Sikuamka siku moja nikiwa mtu mwema. Nilikuwa nashona, mguu uko kwenye pedali ya cherehani, nikagundua kwamba nakanyaga kwa mapigo ya Gidamis, na kwamba kila baada ya mishono kadhaa nasimama kidogo kumngoja mtu avute pumzi. Gauni likapinda. Nikafunga chumba, nikapanda lori la kwenda Katesh, na kutoka pale nikaenda Dirma kwa miguu.

Ulikuwa kiangazi kibaya. Nilimkuta bwawani akinywesha, maji yamebaki matope, ng'ombe mbavu nje. Alikuwa amekonda na yeye. Tukasalimiana. Akauliza habari za Maretadu, nikasema nzuri. Nikauliza habari za mifugo, akasema unaiona. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, nikaanza kuyasema.

"Shika huyu ndama," akasema.

Nikamshika. Alikuwa ndama dhaifu, asiyeweza kusimama kwenye matope bila kushikiliwa. Nikaendelea na maneno yangu, lakini Gidamis alikuwa ameshaenda upande wa pili wa bwawa. Nilimshika ndama yule mpaka kivuli changu kikahama kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Nguo yangu ilikuwa mpya. Ndama hakulijua hilo.

Aliporudi alichuchumaa kando yangu, akamnywesha ndama kwa kiganja.

"Ulijua kabla ya kwenda?" akauliza.

"Nilijua."

"Siku ile unanipa vijiti ulijua?"

"Nilijua."

"Na Boay?"

"Na yeye."

"Mbona hakuja?"

"Anaona aibu."

"Wewe huoni?"

"Naona," nikasema. "Nimekuja nayo."

Ng'ombe mmoja alilala kwenye matope, Gidamis akaenda kumwinua, akarudi. "Siwezi kuondoka hapa kabla ya mvua," akasema.

"Tutakungoja."

"Sijasema nitakuja."

"Sawa," nikasema. "Tutakungoja hivyo hivyo."

Nilirudi Maretadu na matope mpaka magotini. Njiani nililia kidogo, kisha lori likaja nikaacha.

Mvua ilinyesha. Ikapita mwezi, ukapita mwingine. Siku moja nimeinama nakata kitambaa, mlango ukajaa mtu. "Dada, ngoma yangu mbona imebeba mashati?" Nikaondoa mashati. Nikamtuma jirani akamwite Boay shambani. Boay akaja na jembe mkononi, akasimama mlangoni, akaanza, "Gidamis ndugu yangu, mimi nilitaka kusema kwamba..." Gidamis akasema, "Moja, mbili, tatu," akapiga. Boay ikabidi achukue gitaa. Kwa hiyo msamaha wa Boay haukumalizika mpaka leo. Walizeeka pamoja na ile nusu sentensi, na sikuona kama inawasumbua.

Basi, hayo ndiyo ya kumkosea mpiga ngoma. Kama mtapata barua inayosema mwacheni mmoja, msomeeni huyo mmoja kwanza. Huenda akasema nendeni. Gidamis aliniambia baadaye, tukiwa tunapakia vyombo Gitting, kwamba angesema nendeni. "Nilitaka vijiti tu," akasema, "na kuambiwa." Alisema akiwa amenigeuzia mgongo, anafunga kamba, na aliifunga kamba ile muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Tuliendelea miaka mingine mingi, na hakuna aliyetujua. Tulitoka kwenye kaseti tukaenda kwenye CD, tukatoka kwenye CD tukaenda kwenye memori kadi, na kila mara tulifika wakati watu wanahama. Redio moja ilipiga wimbo wetu mara moja. Tulikaa watatu chumbani kwangu tukasikiliza, na mtangazaji akamaliza kwa kuishukuru kwaya ya akina mama. Boay alitoka nje akatembea. Gidamis akaniangalia, akasema, "Wewe wamekupata." Leo ninyi mnaweka wimbo mtandaoni, na jioni mnalia kwamba umesikilizwa na watu tisa. Tisa ni wengi. Gitting tulipigia watu wanne na mbwa, mvua ikanyesha, mbwa akabaki.

Mimi ndiye niliyevunja bendi. Vidole vya mkono wa kushoto viliingia baridi yabisi, nikawa nafika kwenye sauti baada ya kila mtu. Wenzangu hawakusema kitu. Walikuwa wananingoja, wote wawili, na nyimbo zilikuwa zinarefuka. Mwaka jana baada ya mavuno nikawaambia basi. Boay akasema sawa, akapangusa gitaa lake muda mrefu. Gidamis akasema, "Onyesho la mwisho tupigie kwetu. Mama yangu hajawahi kutusikia."

Hatukujua hilo. Miaka yote ile, na mama yake hajawahi.

Tulikwenda Dirma mchana, tukaweka jenereta mbali na zizi, spika zikitazama nyumba. Walikuja majirani wachache na watoto. Mama yake Gidamis alitoka amevaa sketi ya ngozi yenye shanga, ameshika fimbo, mwembamba, mrefu, umri wake hakuna anayeujua. Tukamsalimia kwa heshima. Kiswahili alisikia kidogo tu. Akakataa kiti cha kivulini, akaja kukaa kwenye kigoda mbele kabisa ya spika, karibu kiasi kwamba niliogopa kwa ajili yake.

Tulianza na wimbo wa Gidamis mwenyewe. Hauna hadithi. Unataja mahali ambapo baba yake alipita na ng'ombe, kwa mfuatano, kutoka mlimani Hanang kushuka mpaka ziwa Balangida kwenye chumvi. Vilima, visima, miti yenye majina, pamoja na mahali ambapo siku hizi pamelimwa na hapapitiki. Majina ya mahali hayahitaji kutafsiriwa. Baba huyo alikuwa amefariki siku nyingi. Yule mama alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, fimbo imelala magotini. Tukapiga na nyimbo nyingine zote, kama saa nzima. Hakuinua kichwa. Nikadhani amesinzia, na sikumlaumu.

Tulipomaliza Boay akazima jenereta. Kukawa kimya, upepo tu. Majirani wakaanza kunyanyuka. Nikaenda kupiga magoti mbele ya yule mama ili nimuage.

Akasema maneno kwa lugha yao, bila kunitazama. Gidamis hakutafsiri mara moja. Alikuwa anafungua ngoma, akaacha.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anasema turudie ule wa kwanza."

"Kwa nini?"

Gidamis akamuuliza. Akajibu kwa kifupi.

"Anasema tulimaliza yeye hajafika."

Vijana, tangu tuanze hakuna mtu aliyewahi kutuomba kurudia wimbo. Hatukujua hata inafanywaje. Boay alisimama pale na waya mkononi kama mtu aliyepotelewa. Kisha akaenda kuwasha jenereta, ikakataa, akaivuta tena, ikakubali. Mimi nikarudi mahali pangu, nikakunja na kukunjua vidole.

Gidamis akahesabu polepole, kwa mwendo wa mtu mzee anayeswaga ng'ombe. Boay akataja mahali pa kwanza, akangoja. Tukaona midomo ya yule mama ikipataja. Akataja pa pili, akangoja. Hivyo hivyo tukashuka. Kwenye zile sehemu zilizolimwa alikawia, na sisi tukakawia naye, mimi nikishika sauti moja kwa kidole kimoja kilichokuwa bado kinanitii. Tulipofika ziwani Boay akaimba jina la ziwa, akalirudia, akalirudia tena, na hatukuacha kupiga mpaka yule mama alipoinua mkono wake kutuonyesha kwamba amefika.